Shawwal, yaani Mfunguo Mosi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ndiye ninayepanga kalenda ya ukutani ya msikiti wetu hapa Tanga, ile yenye nyakati za swala upande mmoja na tarehe za Kiislamu upande wa pili. Kwa hiyo Ramadhani ikifika kumi la mwisho, simu hainyamazi. Maswali ni yale yale kila mwaka, na mengi yanahusu mwezi unaokuja. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa.

Shawwal na Mfunguo Mosi ni mwezi mmoja?

Ni mmoja. Shawwal, au Shawali kwa matamshi ya kwetu, ni jina la Kiarabu. Mfunguo Mosi ni jina la Waswahili wenyewe. Ni mwezi wa kumi katika mwaka wa Hijria, unakuja baada ya Ramadhani, na tarehe mosi yake ndiyo Idi Ndogo.

Kwa nini Waswahili waliuita Mfunguo Mosi badala ya kuchukua jina la Kiarabu kama lilivyo?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Mfunguo unatokana na kufungua. Mwezi mzima watu wamefunga, sasa wanafungua. Mwezi wa kwanza wa kufungua ukaitwa Mfunguo Mosi, unaofuata Mfunguo Pili, na hesabu ikaenda hivyo hivyo hadi Mfunguo Tisa. Dhul-Qaada ni Mfunguo Pili. Dhul-Hijja, mwezi wa kuchinja, ni Mfunguo Tatu. Muharram ni Mfunguo Nne, Safar ni Mfunguo Tano. Rabiul-Awwal ni Mfunguo Sita, na huu kila mtu wa pwani anaujua kwa sababu ya Maulidi. Kisha Rabiul-Akhir, Jumadal-Ula na Jumadal-Akhira ni Mfunguo Saba, Nane na Tisa. Hapo hesabu inasimama. Miezi mitatu iliyobaki, Rajabu, Shaabani na Ramadhani, imeachiwa majina yake ya Kiarabu.

Sasa zitazame siku za wiki. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano: tano za kuhesabu. Halafu Alhamisi na Ijumaa, zenye majina ya Kiarabu. Umeona? Ni mtambo ule ule. Ijumaa ndiyo kilele cha wiki, na siku inayoifuata ndiyo mosi. Ramadhani ndiyo kilele cha mwaka, na mwezi unaoifuata ndio mosi. Mswahili alichagua jambo tukufu, akaanza kuhesabu pale linapomalizika, na kila alipokaribia kulifikia tena akaacha kuhesabu na kuanza kutaja majina, kama mtu anayesogelea mlango wa msikiti akavua viatu.

Mfumo huu una kichekesho chake pia. Alhamisi kwa Kiarabu maana yake ni ya tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Sisi tulikuwa tumeshatumia tano yetu jana yake. Wiki ya Mswahili ina tano mbili, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Ni Mfunguo au Mfungo?

Kamusi zinaandika mfunguo, na maana inaliunga mkono neno hilo: mfunguo na ufunguo ni ndugu, wote ni watoto wa kufungua. Mfungo ni kule kufunga kwenyewe. Lakini mitaani, Tanga, Unguja na Mombasa, utasikia Mfungo Mosi na Mfungo Sita kila siku, hata kwa wazee waliosoma. Sitamkosoa mtu mzima kwa hilo. Kwenye kalenda, hata hivyo, naandika Mfunguo, kwa sababu mwezi ambao siku yake ya kwanza ni haramu kufunga hauwezi kuitwa mfungo bila kuacha swali.

Kama ni Mosi, basi ndio mwezi wa kwanza wa mwaka?

Hapana. Mwaka wa Hijria unaanza Muharram, ambao kwetu ni Mfunguo Nne. Utaratibu wa kuihesabu miaka kuanzia Hijra ya mwaka 622 ulipangwa katika ukhalifa wa Umar bin al-Khattab, Mtume (S.A.W.) akiwa ameshafariki. Mosi ya Mfunguo Mosi ni ya kuhesabu kutoka Ramadhani, haina uhusiano na mwanzo wa mwaka.

Wengine hapo huuliza kuhusu Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi ya Makunduchi, Unguja. Huo ni wa hesabu nyingine kabisa, Nairuzi, mwaka wa jua uliowafaa wakulima na mabaharia kwa sababu haukimbii misimu. Ndiyo maana unaangukia Julai kila mwaka. Usiuchanganye na miezi ya mwandamo.

Neno Shawwal lenyewe lina maana gani?

Linatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kuinua au kuinuka. Wataalamu wa lugha wanakubaliana hadi hapo. Ukiuliza ni kitu gani kilichoinuliwa, wanakujibu kwamba ni mkia wa ngamia. Wanapoachana ni kwa nini ngamia ainue mkia.

Ibn Kathir, katika tafsiri yake ya Qur'ani, ananukuu maelezo ya mwanazuoni as-Sakhawi kuhusu majina ya miezi, na humo Shawwal ni wakati ambapo ngamia huinua mikia yao kwa ajili ya kupandwa. Kamusi kubwa ya Lisan al-Arab inaleta maelezo mengine: kwamba mwezi uliitwa hivyo kwa sababu maziwa ya ngamia hupungua na kukauka. Na humo humo mna maelezo ya tatu, kwamba ngamia jike aliyekwisha kushika mimba huinua mkia kumkataa dume. Kwa hiyo mkia ule ule, kwa mmoja unakaribisha na kwa mwingine unafukuza. Mimi si mfugaji wa ngamia, siwezi kuamua. Ila haya maelezo ya kumkataa dume yashike, tutayarudia tukifika kwenye ndoa.

Ukitaka kuliona shina hilo kwa macho, toka nje usiku kundi la nyota la Nge likiwa juu. Nyota angavu iliyo kwenye mwiba wa mkia wake hadi leo inaitwa Shaula na wanafalaki wa dunia nzima. Ni Kiarabu hicho, na maana yake ni mkia ulioinuliwa.

Kama jina linatokana na tabia za ngamia katika msimu fulani, mbona Shawwal huangukia kiangazi, masika na vuli?

Kwa sababu mwezi mwandamo haufuati jua. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu na ushei, miezi 12 inafanya siku 354 au 355, na hivyo kila mwaka Shawwal hurudi nyuma kwa siku kama 11. Kabla ya Uislamu Waarabu walikuwa na desturi ya kuiahirisha miezi, iitwayo nasii. Qur'ani iliikataza katika Sura ya Tawba, aya ya 37, na Mtume akalitilia mkazo katika Hija ya Kuaga mwaka wa 10 Hijria. Tangu hapo miezi iliachwa itembee, na majina yakabaki yakikumbuka misimu iliyokwisha kuyapita. Ramadhani yenyewe inatokana na joto kali, na watu wa Ulaya wameifunga kwenye theluji.

Mzunguko mzima huchukua miaka kama 33. Walio na umri wa kutosha watakumbuka mwaka 2000: tuliswali Idi Ndogo Januari, tukaiswali tena Desemba mwaka huo huo. Shati langu la Idi ya Januari lilinitosha Desemba, jambo ambalo halikunifurahisha kwa sababu lilimaanisha sishonewi jipya. Ongeza 33 juu ya 2000. Mwaka 2033 kwa hesabu za falaki utakuwa hivyo hivyo, Idi mwanzo wa Januari na nyingine karibu na mwisho wa Desemba.

Mwezi unaanza saa ngapi?

Magharibi, jua likizama. Siku ya Kiislamu, na siku ya Waswahili wa zamani, inatanguliza usiku. Mzee akikwambia "usiku wa Ijumaa" anakusudia jioni ya Alhamisi. Basi usiku wa Idi ni ule unaotangulia Idi, na takbira kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, huanza pale pale jua linapozama hadi imamu aingie kwenye swala ya Idi.

Hiyo ndiyo nadharia. Jikoni mambo ni mengine. Tarehe 29 Ramadhani, baada ya futari, mama yangu alikuwa na masufuria mawili mbele yake. Moja la maharage, yameroweka, kwa ajili ya daku ikiwa mwezi haukuandama. La pili la nyama ya pilau, imekwisha kupakwa tangawizi na thomu, ikiwa umeandama. Vitunguu vilikuwa vimemenywa lakini havijakatwa, maana kitunguu kikishakatwa hakirudi nyuma. Redio iko juu ya kabati. Sisi watoto tuko juu ya paa la jirani tunatazama magharibi, na kila wingu tunaliona lina pembe. Likitoka tangazo, husikii maneno yake mpaka mwisho, kwa sababu mtaa mzima umeshapiga kelele na mama ameshashika kisu.

Kwa nini wengine wanaswali Idi leo na wengine kesho?

Msingi ni hadithi ya kufunga kwa kuuona mwezi na kufungua kwa kuuona, na ukifichwa na mawingu kutimiza siku thelathini. Hilo hakuna anayelikataa. Hitilafu iko kwenye kuonekana wapi.

Katika Sahih Muslim, mkusanyiko wa hadithi, kuna kisa cha Kurayb. Alitumwa Sham, yaani upande wa Syria, akaukuta mwezi wa Ramadhani umeonekana huko usiku wa Ijumaa. Aliporudi Madina mwisho wa mwezi, sahaba Ibn Abbas alimwambia kwamba wao wameuona usiku wa Jumamosi na wataendelea kufunga mpaka watimize thelathini au wauone. Kurayb akamuuliza, hutosheki na kuona kwa Muawiya, mtawala wa Sham? Ibn Abbas akajibu hapana, hivyo ndivyo alivyowaamrisha Mtume. Wanaosema kila nchi iufuate mwezi wake wanaegemea hapo. Wanaosema mwezi ukionekana popote umeonekana kwa wote wanasema amri ya kuuona ni ya umma mzima, na kwamba siku hizi habari hufika kwa dakika moja, si kwa msafara wa ngamia.

Wanaotangaza rasmi wanajulikana: Tanzania Bara ni Mufti kupitia BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, Zanzibar ni Ofisi ya Mufti, Kenya ni Kadhi Mkuu. Ukiniuliza mimi, kalenda yangu ina alama ndogo ya nyota kwenye mosi ya kila mwezi, na chini nimeandika "kwa kutegemea mwandamo". Usinipigie simu saa nne usiku kunilaumu.

Zaka ya fitri ni kiasi gani na mwisho wake lini?

Pishi moja ya chakula kinachotegemewa mahali ulipo, kwetu mchele au mahindi, kwa kila mtu unayemlisha. Pishi ni vibaba vinne, kama ambavyo saa' ya Madina ni mudi nne. Kwa kilo, wengi hukadiria kati ya mbili na nusu na tatu. Itolewe kabla ya swala ya Idi. Kwa Mashafi inawajibika Shawwal inapoingia, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa baada ya magharibi ya usiku wa Idi hana zaka mwaka huo.

Sita za Shawwal ni zipi, na ni lazima ziwe mfululizo?

Ni funga za sunna za siku sita. Abu Ayyub al-Ansari amepokea kwa Mtume kwamba mwenye kufunga Ramadhani kisha akaifuatishia sita za Shawwal anakuwa kama aliyefunga mwaka. Imo katika Sahih Muslim. Hesabu yake wanazuoni wameifafanua: jema moja hulipwa kumi, siku 30 mara kumi ni 300, siku sita mara kumi ni 60, jumla 360.

Mfululizo si lazima. Kwa Mashafi ni bora kuziunganisha na kuanza siku ya pili ya mwezi, yaani Idi Pili, siku ambayo pilau ya jana bado imo sufuriani na wageni bado wanabisha hodi. Anayeweza, hongera yake. Wengi wetu hufunga Jumatatu na Alhamisi hadi zitimie, na siku ya mwisho ya mwezi utawaona waliochelewa wakifunga kwa haraka haraka.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba Imam Malik, katika kitabu chake cha Muwatta, hakuzipenda. Alihofia wasiojua watazibandika kwenye Ramadhani wakadhani ni faradhi. Nilipokuwa mdogo, watu wa nyumbani kwetu waliogopa kuziacha kuliko walivyoogopa kuchelewesha kadha, yaani kulipa siku za Ramadhani zilizowapita, ndipo nikamwelewa Malik.

Nina deni la Ramadhani. Nianze lipi?

Deni. Hilo ndilo jibu lililo salama, hasa kwa kuwa hadithi inasema aliyefunga Ramadhani kwanza. Lakini usijione mkosefu ukishindwa kulimaliza mwezi huu huu: Bi Aisha mwenyewe, mke wa Mtume, amesema alikuwa akilipa siku zake Shaabani, miezi kumi na zaidi baadaye. Wako wanazuoni wa Kishafi wanaosema mwenye kulipa kadha ndani ya Shawwal anapata na thawabu za sita kwa siku hizo hizo, na wako wanaokataa. Muulize sheikh wako akuangalie hali yako.

Ni kweli kuoa Shawwal kuna mkosi?

Hapa ndipo yule ngamia anaporudi. Waarabu wa jahiliya, yaani kabla ya Uislamu, walichukia kuoana Shawwal. Walisema mke aliyeolewa mwezi huo atamkataa mumewe kama ngamia mwenye mimba anavyomkataa dume kwa kuinua mkia. Ndoa iliharibiwa na jina la mwezi, basi. Mwanahistoria Ibn Saad ametaja sababu nyingine, tauni iliyowahi kutokea zamani katika Shawwal, watu wakaogopa kuingiza mabibi harusi ndani ya mwezi huo.

Bi Aisha aliikata imani hiyo kwa maneno yake mwenyewe, yaliyomo katika Sahih Muslim: Mtume alifunga naye ndoa Shawwal na akaingia naye Shawwal, basi ni nani katika wakeze aliyekuwa na bahati kwake kumshinda? Na alikuwa akipenda mabinti wa kwao waingizwe nyumbani kwa waume zao mwezi huo huo.

Pwani yetu imemsikiliza. Ramadhani haina harusi, wachumba wamesubiri, wapishi wamepumzika, na Mfunguo Mosi ukiingia mialiko inagongana. Kuna mwaka nilikuwa na nikaha tatu Ijumaa moja, na nilikula halua hadi nikaichukia. Bado lakini utamkuta mtu anayesema kati ya Idi mbili hakuozeshwi. Mwulize ameitoa wapi. Atakwambia kwa bibi yake, na bibi yake aliitoa kwa mwingine, na ukiifuata njia hiyo hadi mwisho unafika kwenye mkia wa ngamia.

Ni matukio gani ya historia yaliyotokea Shawwal?

Vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, ambapo Hamza bin Abdul-Muttalib na Waislamu wapatao sabini waliuawa. Khandaq, mwaka wa 5 kwa kauli mashuhuri, ule mtaro uliochimbwa kwa shauri la Salman al-Farisi. Hunayn, mwaka wa 8, wiki chache baada ya kufunguliwa Makka. Imam Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, alizaliwa tarehe 13 Shawwal mwaka 194 Hijria, akafariki usiku wa Idi mwaka 256 karibu na Samarkand.

Shawwal inahusiana vipi na Hija?

Qur'ani inasema Hija ina miezi maalumu, na wa kwanza wake ni Shawwal. Kuanzia mosi yake mtu anaweza kunuia ihramu ya Hija. Miezi yenyewe ni Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, na kumi la kwanza la Mfunguo Tatu.

Kwenye kadi ya mwaliko niandike Shawwal au Mfunguo Mosi?

Andika vyote viwili, na tarehe ya kawaida chini yake. Shangazi yangu aliandika "tarehe 12 Mfunguo Mosi" peke yake kwenye kadi za kumwoza bintiye. Wazee wote walifika. Mpwa wangu mmoja aliyekulia Maskati, ambako husema Shawwal tu, aliona Mosi akadhani ni Januari, akakata tiketi ya ndege kwa tarehe hiyo. Alifika bibi harusi akiwa na mimba ya miezi saba.